Nyota ya mpira wa vikapu: Je, huonekana asubuhi?

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Usemi huu tumeurithi na tunaurudia kila siku, shuleni, mitaani na kwenye hafla za kutoa zawadi. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nyota ngapi ziling'aa asubuhi zikafifia kabla ya saa sita? Na ni ngapi ambazo hakuna aliyezitazama, zikaja kuwaka jioni watu wakabaki kushika tama?

Hakuna mahali ambapo swali hili huulizwa kwa pesa nyingi kama katika mpira wa vikapu wa kulipwa nchini Marekani. Kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa mwezi wa Juni, timu 30 za ligi ya NBA hukutana kuchagua chipukizi. Huwa ni raundi mbili, majina karibu 60. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo hupewa nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Wanaochagua ni watu walioujua mchezo huu tangu utotoni. Wana picha za video za kila mechi, wana madaktari, wana wataalamu wa hesabu, na humpima kijana kimo, uzito, urefu wa mikono na jinsi anavyoruka. Na bado hukosea. Ikiwa hao hukosea, sembuse sisi tunaopita tu karibu na uwanja wa mtaa na kusema, "Huyu atafika mbali" au "Huyu hana lolote"?

Jambo hili si la Marekani pekee. Huenda nyumbani mwako yupo kijana ambaye kichwa chake kimeanza kugonga juu ya mlango, na majirani wanakuambia umwachie mpira badala ya vitabu. Huenda wewe mwenyewe ni mwanafunzi uliyekaa benchi msimu mzima na sasa unafikiria kuacha mchezo. Au wewe ni shabiki tu, unayekesha ukitazama mechi na kubishana na wenzako. Kwa vyovyote vile, itakufaa kujua jinsi ya kumpima chipukizi bila kumdanganya wala kumvunja moyo.

Kijana wa Dar es Salaam

Tuanze na kisa cha karibu nasi. Mnamo Juni 25, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, jina la pili kutajwa lilikuwa la Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake. Timu ya Memphis Grizzlies ndiyo iliyomchukua, na Afrika Mashariki nzima ikajiona imechaguliwa pamoja naye.

Usidhani kwamba Memphis walibahatisha. Thabeet alikuwa na kimo cha takriban mita 2.21. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa amecheza misimu mitatu, na katika msimu wake wa mwisho alipata wastani wa pointi 13.6 na kuzima mitupo zaidi ya 4 kwa kila mechi. Chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa mwaka huo. Katika ligi yao ya Big East alitawazwa mlinzi bora miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Ungekuwa wewe ndiwe unayechagua, ungemwacha?

Sasa tazama waliomfuata. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa tano na wa sita walichaguliwa na timu moja, Minnesota, ambayo ilichukua walinzi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Wa saba alikuwa kijana mwembamba wa kimo cha takriban mita 1.88, aliyetoka chuo kidogo cha Davidson kwa sababu vyuo vikubwa havikumtaka. Jina lake Stephen Curry.

Yaliyofuata unayajua. Curry ametwaa ubingwa mara nne na Golden State, mnamo 2015, 2017, 2018 na 2022. Ametajwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, na mnamo 2016 akawa wa kwanza kabisa kupata tuzo hiyo kwa kura zote. Harden alipewa tuzo hiyo hiyo mnamo 2018. Flynn hakucheza tena NBA baada ya 2012. Naye Thabeet alisafirishwa kutoka timu hadi timu: Memphis, Houston, Portland, kisha Oklahoma City, ambako alikaa hadi 2014. Katika mechi 224 za NBA wastani wake ulikuwa pointi mbili na ushei.

Wengi wamemcheka. Hata leo, kila orodha ya "chaguo baya zaidi" haikosi jina lake. Lakini tusiwe wepesi wa kucheka, maana ndani ya kisa hiki mna somo kubwa kuliko mzaha.

Nani amekaa mbele yake?

Mechi ya NBA huchezwa kwa dakika 48. Thabeet alipofika Memphis, nafasi yake ya senta ilikuwa na mwenyewe, Mhispania Marc Gasol, ambaye msimu huo alicheza karibu dakika 36 kwa kila mechi. Toa 36 kwa 48, zinabaki 12. Thabeet alipata dakika 13 hivi. Kwa maneno mengine, alipewa makombo yote yaliyokuwepo mezani, wala hapakuwa na zaidi.

Mnamo Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza kumalizika, alipelekwa kucheza katika ligi ndogo na timu ya Dakota Wizards. Wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Magazeti yalipiga kelele. Fikiria, msomaji, wewe ni kijana wa miaka 23, umeanza kushika mpira wa vikapu ukiwa na miaka kama 15, na dunia nzima imekwisha kukuhukumu kabla hujamaliza mwaka kazini.

Na huyo Gasol aliyemkalia njia, je, yeye alichaguliwa wa ngapi? Wa 48, mnamo 2007. Alikuwa mnene, mzito wa miguu, na hakuna aliyemwona kuwa nyota. Alibaki Hispania, akacheza na watu wazima katika timu ya Girona, akapunguza mwili, akajifunza kupiga pasi na kusimama mahali panapofaa. Mnamo 2013 NBA ilimtangaza kuwa mlinzi bora wa ligi. Hivyo basi, wa 48 ndiye aliyemweka benchi wa 2. Yule mmoja alikuwa ameshapikwa, mwingine alikuwa angali mbichi jikoni, nao wakawekwa kwenye sahani moja.

Hapa ndipo tunapopata kanuni ya kwanza. Kabla hujasema chipukizi fulani hafai, uliza: nani amekaa mbele yake, na anapata dakika ngapi? Mchezaji hukua kwa kucheza, kama vile mtoto hujifunza kutembea kwa kutembea.

Wawili waliofanana, wakaachana njiani

Utaniambia kwamba tatizo la Thabeet lilikuwa kuchelewa kuanza. La, kuchelewa peke yake hakutoshi kueleza. Mtazame Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria. Yeye pia alikuwa mrefu sana, naye alianza mpira wa vikapu akiwa tayari kijana wa shule ya upili. Kabla ya hapo alikuwa mlinda lango katika kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono. Lakini michezo hiyo ilimpa kitu ambacho utepe wa kupimia hauwezi kukionyesha, yaani wepesi wa miguu na mikono inayodaka.

Olajuwon alipoingia Chuo Kikuu cha Houston hakucheza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alikuwa akitokea benchi. Baada ya msimu huo aliwauliza wakufunzi wake afanye nini ili aongeze dakika. Walimtuma akafanye mazoezi na Moses Malone, senta wa Houston Rockets, ambaye kufikia 1983 alikuwa ametajwa mchezaji bora wa NBA mara tatu. Wakati wa likizo wawili hao walikutana katika ukumbi wa umma wa Fonde mjini humo. Malone alimsukuma, alimgonga, alimfunga mbele ya watu. Kijana akarudi kesho yake, na kesho kutwa.

Mnamo 1984 Olajuwon alichaguliwa wa kwanza kabisa, Michael Jordan akiwa wa tatu. Aliiongoza Houston kutwaa ubingwa mnamo 1994 na 1995, na hadi leo hakuna aliyezima mitupo mingi kumshinda katika historia ya NBA: 3,830.

Kwenye karatasi, Thabeet na Olajuwon walikuwa karibu sawa: Waafrika warefu, waliochelewa kuanza, wakali wa kuzima mitupo. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza ni kile ambacho miguu na mikono yao ilikuwa imejifunza kabla ya kikapu. La pili ni mahali walipofunzwa na muda waliopewa kabla ya kutakiwa watoe matunda. Olajuwon alisongwa na Malone ukumbini, mbali na magazeti. Thabeet alisongwa na wanaume wa NBA mbele ya ulimwengu.

Tazama mwendo wake

Sasa tuende Ugiriki. Giannis Antetokounmpo alizaliwa Athens mnamo Desemba 1994, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Nigeria. Alipokuwa mdogo aliuza saa na miwani barabarani ili familia ipate chakula. Kufikia 2013 alikuwa akicheza daraja la pili nchini humo na timu ya Filathlitikos, na hata huko wastani wake haukufika pointi 10. Milwaukee Bucks walimchagua wa 15.

Usiku huo huo wa 2013, wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Anthony Bennett wa Kanada, aliyekwenda Cleveland. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega na hakupata likizo nzuri ya kujiandaa. Alianza msimu akiwa mzito, akakosa mitupo mingi mfululizo, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea. Msimu huo alipata wastani wa pointi 4.2. Ilipofika 2017 alikuwa amepita timu nne na NBA ikawa imemwisha.

Giannis naye? Mwaka wa kwanza alipata pointi 6.8 kwa mechi. Mtu angesema, kuna tofauti gani kubwa kati ya 4.2 na 6.8? Lakini endelea kuhesabu. Mwaka wa pili 12.7. Wa tatu 16.9. Wa nne 22.9. Wa tano 26.9. Kila mwaka anapanda ngazi, hakuna hata mmoja alioteremka. Mnamo 2019 na 2020 alitajwa mchezaji bora wa ligi. Mnamo 2021, katika mechi ya mwisho ya fainali dhidi ya Phoenix, alitia pointi 50 na kuipa Milwaukee kombe lililokuwa limewapiga chenga kwa miaka 50.

Kumbuka pia kwamba Milwaukee ya mwaka wake wa kwanza ilikuwa dhaifu mno, ilishinda mechi 15 tu kati ya 82. Kwa sababu hiyo kijana alichezeshwa karibu dakika 25 kila usiku. Alipokosea hakuna aliyekasirika sana, maana timu ilikuwa inapoteza hata hivyo. Baadaye mkufunzi Jason Kidd alimkabidhi mpira auongoze yeye mwenyewe, ingawa ni mrefu kama senta. Udhaifu wa timu ukawa shule yake.

Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka uondoke nalo, msomaji. Usimpime chipukizi kwa mahali aliposimama leo, mpime kwa mwendo wake. Ulimwona mwaka jana. Je, mwaka huu anafanya kitu ambacho hakukiweza? Asiyeongeza chochote katika miezi 12, hata akiwa na pointi nyingi, mshuku. Anayeongeza kidogo kidogo, hata akiwa benchi, mpe muda.

Ufanye nini unapomtazama?

Maneno matupu hayatoshi. Hebu tuone mambo machache ambayo unaweza kuyatazama mwenyewe, uwe ukumbini, mbele ya runinga, au kwenye uwanja wa saruji wa shule ya jirani.

Kwanza, tazama umri na watu anaocheza nao. Kijana wa miaka 19 anayepata pointi 8 dhidi ya wanaume waliokomaa anaweza kuwa mbele kuliko wa miaka 22 anayepata 20 dhidi ya watoto. Mara nyingi bingwa wa shule ni yule tu aliyebalehe mapema kuliko wenzake. Wenzake wakimfikia, ubingwa unayeyuka.

Pili, gawanya pointi kwa dakika. Mathalani, mchezaji mmoja anapata pointi 8 kwa dakika 12, mwingine 14 kwa dakika 35. Gazeti litamsifu wa pili. Lakini wa kwanza, akicheza dakika 36 kwa kasi hiyo hiyo, angepata 24, na yule wa pili angepata 14 na kidogo. Hata hivyo, kuwa mwangalifu. Anayecheza dakika 12 huenda anaingizwa wakati wapinzani wamechoka, au wamewapumzisha wakali wao. Hesabu hii inakufungulia mlango tu, usiifanye hukumu.

Tatu, tazama mitupo huru, ile ambayo mchezaji hupewa baada ya kuchezewa vibaya. Hapo hakuna anayemkaba. Mstari uko mahali pale pale, takriban mita 4.6 kutoka ubaoni, na ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, iwe Nairobi au New York. Kijana anayetia 8 au 9 kati ya 10 ana mkono mzuri, hata kama mitupo yake ya mbali bado haiingii. Curry katika maisha yake ya NBA ametia zaidi ya 9 kati ya 10. Lakini usisahau kwamba Shaquille O'Neal alitia nusu na ushei tu na akatwaa ubingwa mara nne. Kipimo kimoja hakimalizi mtu.

Nne, mwondolee macho mpira. Sisi watazamaji hufuata mpira kama paka anayefuata panya. Jaribu dakika tano kumfuata mchezaji mmoja akiwa hana mpira. Je, anasonga au anasimama kuangalia? Akikaba, magoti yameinama au amesimama wima kama mlingoti? Mwenzake akipitwa, anakimbia kumsaidia au anainua mikono kulaumu? Mambo haya hayaandikwi magazetini lakini wakufunzi huyalipia.

Tano, tazama dakika inayofuata kosa. Kila chipukizi hupoteza mpira. Yupo ambaye akipoteza hugeuka kumtazama refa, kisha mkufunzi, kisha jukwaa. Na yupo ambaye tayari yuko mbioni kurudi kukaba. Wa pili ndiye utakayemsikia baada ya miaka mitano.

Sita, uliza habari za mwili wake. Curry alikuwa na vifundo vya miguu vibovu. Katika msimu wa 2011-12 alicheza mechi 26 tu. Mwaka 2012 alitia saini mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, na wapo walioona Golden State wametupa pesa. Vifundo vikapona, na mkataba ule ukageuka kuwa wa bei rahisi ajabu. Jeraha la kijana si kifo cha kipaji, lakini kulichezea bila kupona kunaweza kukiua.

Nyumbani kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mzazi, ukisikia mwanao ana kipaji, furahi, lakini shika kalamu na karatasi. Timu za NBA ni 30. Kila moja ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Zidisha, utapata 450. Hizo ndizo nafasi ambazo dunia nzima inagombea. Darasa la mwanao likiachwa kwa ajili ya nafasi 450, hiyo ni kamari.

Lakini pia usifunge mlango kwa hasira, maana NBA si mpira wote wa vikapu. Wapo wanaolipwa vizuri Ulaya, Asia na sasa hapa Afrika. Tylor Okari Ongwae, Mkenya ambaye hajacheza NBA, ameishi kwa mchezo huu huko Ulaya, ikiwemo Denmark. Ndiye aliyetia mtupo wa mwisho Februari 2021 mjini Yaounde, Kenya ilipowaangusha Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11. Ushindi huo uliipeleka Kenya katika mashindano ya AfroBasket baada ya miaka 28. Ligi ya Afrika, BAL, ilianza 2021 mjini Kigali, na mnamo 2025 Nairobi City Thunder wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kuicheza. Hata Thabeet, baada ya NBA, aliendelea kupata riziki kwa mchezo huu nchini Japan na Taiwan. Ukimwita mtu aliyefeli, jiulize ni wangapi katika mtaa wako waliowahi kulipwa katika mabara mawili kwa kazi waliyoipenda.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Wavulana wengi hurefuka ghafla kati ya miaka 12 na 16, na wasichana mapema zaidi. Katika miezi hiyo mifupa hutangulia na misuli hubaki nyuma. Kijana aliyekuwa mwepesi anaanza kujikwaa, kuangusha mpira na kulalamika maumivu chini ya kikombe cha goti. Wengi huachwa na timu wakati huo huo, wakaambiwa wamekuwa wavivu. Huo ndio wakati mbaya kabisa wa kumhukumu mtoto. Mpunguzie mazoezi ya kuruka, mpe chakula na usingizi wa kutosha, na maumivu yakizidi mwone daktari. Mwaka ukipita, mtazame upya.

Jihadhari pia na mawakala wanaokuja na ahadi za masomo ng'ambo na kutaka walipwe kwanza. Shule inayompa mwanao ufadhili wa kweli itaeleza kwa maandishi inalipia nini, karo, malazi au nauli, na kwa muda gani. Uliza pia swali ambalo wengi husahau: mtoto akiumia mguu, je, ataendelea kusoma? Jibu likiwa na kigugumizi, rudi naye nyumbani.

Nawe mwanafunzi uliyekaa benchi, usiwe na haraka ya kujifuta. Chukua daftari. Andika leo umetia mitupo huru mingapi kati ya 50. Andika unaweza kuongoza mpira kwa mkono wa kushoto kutoka ubao hadi ubao mara ngapi bila kupoteza. Baada ya mwezi, pima tena. Daftari hilo litakuambia ukweli ambao rafiki zako hawawezi kukuambia, na mkufunzi akikuuliza kwa nini akupe dakika, utakuwa na la kumwonyesha. Mwombe mchezaji anayekushinda akubali kufanya mazoezi nawe, kama alivyofanya kijana wa Lagos. Utafungwa sana. Endelea kwenda.

Mwaka huu pia, majina yatatajwa, vijana watavaa kofia za timu zao na picha zitasambaa. Utasikia watu wakisema huyu ni moto na yule ni bure. Kabla hujaungana nao, kumbuka kwamba senta bora wa Memphis alikuwa wa 48, bingwa wa Milwaukee alikuwa wa 15, na mchezaji aliyepata kura zote alipitwa na timu tano, mojawapo mara mbili. Nyota njema huonekana asubuhi, ni kweli. Lakini asubuhi ya kila mtu haianzi saa moja. Mpe chipukizi dakika, mpe mwalimu, kisha mtazame mwakani kama amesogea.